VEGF na utabiri wa lukemia kali

Lukemia kali huanzia ndani ya uboho wa mifupa na kwenda kwa kasi. Kwa kuwa seli zake huelea katika damu, wengi walidhani hazina haja ya mishipa mipya ya kuzilisha, tofauti na uvimbe wa saratani ambao Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa Boston, alieleza mwaka 1971 kuwa huihitaji. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vya uboho vilipotazamwa kwa hadubini, mishipa ilikutwa imesongamana kuliko kawaida.

Kichocheo kikuu cha mishipa hiyo ni protini iitwayo VEGF. Seli za lukemia huitoa, nayo huifanya mishipa ichipue matawi; mishipa nayo hutoa vichocheo vinavyozistawisha seli hizo. Zipo hata seli za lukemia zenye vipokezi vya VEGF, hivyo hujichochea zenyewe.

Mwaka 1999 watafiti wa Houston walionyesha kwamba wenye aina iitwayo lukemia kali ya mieloidi ambao seli zao zilijaa VEGF waliishi muda mfupi zaidi. Kipimo cha utabiri kikaonekana kimepatikana.

Lakini kipimo cha kutabiri lazima kitoe jibu lilelile popote kinapotumika, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Chukua angiopoietini-2, kichocheo kingine cha mishipa. Utafiti wa Ujerumani wa 2005 uliipima ndani ya seli za lukemia: iliyozidi iliashiria maisha marefu. Mwingine wa 2007, Ujerumani hukohuko, uliipima katika damu: iliyozidi iliashiria kifo cha mapema. VEGF nayo hubadilika kwa namna damu ilivyochukuliwa, kwani chembe sahani huimwaga damu inapoganda. Hivyo seramu, majimaji ya damu iliyoganda, huonyesha kiasi kikubwa kuliko plazima, majimaji ya damu isiyoganda, ya mtu yuleyule.

Tiba nayo haikusaidia. Katika jaribio lililochapishwa 2012 na watafiti wa Uholanzi na wenzao, wagonjwa wa miaka 60 na zaidi waliongezewa bevasizumabu, dawa inayoizuia VEGF, juu ya kemotherapi. Hawakupata nafuu zaidi ya waliopewa kemotherapi pekee.

Ndiyo maana mwongozo wa Ulaya wa 2022 hupanga hatari ya lukemia kali ya mieloidi kwa kromosomu na jeni kama NPM1, FLT3 na TP53, si kwa VEGF. Anayetaka kujua hali ya mgonjwa wake amuulize daktari majibu ya jeni hizo, na kama uboho umesafika baada ya duru ya kwanza ya dawa.