Ukicheka, Orc anaandika "kek"

Tuchukue ndugu wawili, wa baba mmoja na mama mmoja, wanakaa Lyon, kila mmoja mbele ya ordinatere yake. Wote wanasema Kifaransa tangu kuzaliwa. Usiku wanaingia mu mchezo wa video unaoitwa World of Warcraft. Mmoja amechagua kuwa binadamu. Mwingine amechagua kuwa Orc, lile jitu la ngozi ya kijani lenye meno yanayotoka nje kama ya ngiri. Wanakutana njiani. Orc anacheka, anaandika "lol", sawa vile vijana wote wanaandika siku hizi. Kwenye kioo cha ndugu yake "lol" haiko. Kuna "kek". Binadamu naye anacheka. Orc anasoma "bur". Wamenyonya ziwa moja, na hawasikilizani.

Tumesikia wazazi wakiuliza kama maneno haya ni lugha ya majini. Hapana, ndugu msomaji. Ni kazi ya kampuni ya Marekani, Blizzard Entertainment, ya kule California. Mchezo wa kwanza wa Warcraft walitoa mwaka wa 1994, na huu wa kuchezwa na watu wengi pamoja kwa njia ya intaneti ulitoka mwezi wa Novemba 2004. Katika hadithi yao, Orc si mwenyeji wa dunia ile. Anatoka dunia nyingine inayoitwa Draenor, akapita mlango wa uchawi na kuja kupigana na binadamu. Mgeni, adui, tena mwenye sura mbaya: lazima awe na lugha yake.

Lakini ni lugha gani? Hapo ndipo pametushangaza.

Kuna kwanza maneno machache ambayo yana maana kweli. "Lok'tar ogar" ni kelele ya vita, maana yake ushindi ama kifo. "Zug zug" ni jibu la mfanyakazi aliyekubali kazi. "Dabu" ni kusema natii. "Mak'gora" ni pigano la heshima la watu wawili. Wachezaji wanayajua kwa moyo, wanayapigia kelele, mengine wameyabeba mpaka nje ya mchezo. Ukiyakusanya yote, hata hivyo, hautaweza kumuuliza Orc kama watoto wake wameamka salama.

Halafu kuna ile ingine, ambayo mashine inaisema. Mchezaji wa upande wa Orc akiandika sentensi, mchezo hautafsiri kitu. Unahesabu herufi. Neno la herufi tatu linabadilishwa na neno la herufi tatu kutoka kwenye orodha fupi: kaz, ruk, mog, gul, kek. La herufi nne linakuwa grom, thok, zaga. Neno moja linatoa jibu lile lile kila siku, ndiyo maana "lol" ni "kek" asubuhi na ni "kek" usiku. Lakini maneno mengi tofauti yanaanguka ndani ya "kek" hiyo hiyo, kwa hiyo kurudi nyuma hakuwezekani. Mu orodha ya herufi mbili tumekuta "mu" na "ka", tukacheka wenyewe. "Mu" yetu inafanya kazi tangu asubuhi: mu nyumba, mu soko, mu njia. "Mu" ya Orc imekaa tu, haibebi mzigo wowote.

Basi tuseme wazi: hii ni lugha iliyotengenezwa ili watu wasisikilizane. Ni ukuta uliovalishwa nguo ya lugha.

Sababu tunaielewa. Mchezo una pande mbili, Horde na Alliance, na wenye kuutengeneza walitaka adui abaki adui. Watu wakianza kuongea, wataanza kuombana msamaha, ama watatukanana usiku kucha, na vyote viwili vinaharibu vita. Kinachotusumbua ni kwamba hadithi yao yenyewe inawakatalia. Thrall, yule mkubwa wa Orc anayependwa kuliko wote, alilelewa na binadamu tangu akiwa mtoto mchanga. Jina lake ni neno la zamani la Kiingereza lenye maana ya mtumwa. Bwana wake ndiye alimpa. Alisema lugha ya binadamu kwanza, na ya babu zake alijifunza akiwa kijana mkubwa, kwa shida. Kitabu cha Christie Golden cha mwaka wa 2001 kinasimulia hayo yote. Mkubwa anasema lugha mbili, lakini mchezaji aliye chini yake hakuwa na ruhusa ya kujifunza lugha ya jirani. Kwa hiyo ukuta hautoki mu hadithi. Umewekwa na sheria ya mchezo.

Kuna njia ingine ya kumpa mgeni wa sayari lugha, nayo ni kuiba iliyoko. Mu filamu Return of the Jedi ya mwaka wa 1983, kile kiumbe chenye mashavu makubwa kinachoitwa Nien Nunb kinasema maneno ya Kikuyu, kwa sauti ya Mkenya Kipsang Rotich. Wamarekani walisikia sayari ya mbali. Mtu wa Nyeri alisikia nyumbani. Hatujui tucheke ama tununike, lakini angalau yale ni maneno ya watu.

Turudi kwa ndugu zetu wawili. Wanafanya nini? Wanafanya kile ambacho watu wote wanafanya mbele ya ukuta. Mchezo umeacha ishara chache zipite: kupunga mkono, kuinama kwa heshima, kulia, kucheza ngoma. Ukijaribu kutunga ishara yako mwenyewe, adui anaandikiwa tu kwamba unafanya ishara za ajabu. Basi hizo chache zikawa lugha. Kuinama kulitaka kusema sitakupiga, acha nipite. Wachezaji wengine walikaa na orodha za maneno, wakitafuta ni herufi zipi waandike upande huu ili upande ule usome kitu chenye maana. Ni kazi ya wiki nzima ili kusema habari gani. Sisi huku, wenye kusema Kimashi nyumbani, Kiswahili sokoni na Kifaransa ofisini, hatuwezi kuwacheka.

Mwaka wa 2022 kampuni ililegeza sheria. Mchezaji wa Horde na wa Alliance wanaweza sasa kuingia mu kikundi kimoja, kupigana bega kwa bega, na ndani ya kikundi wanasomana vizuri, neno kwa neno. Orc akiandika "lol", ndugu yake anasoma "lol".

Ila wengi wamezoea ile ingine. Ukuta umefunguliwa, na bado wanacheka "kek", wanaliandika wenyewe, kwa mkono wao.