Sayansi ndani ya Sufuria ya Uji

Likuni Phala, uji wa unga wa mahindi na soya wanaopewa watoto nchini Malawi, umepata jina kutoka Likuni, penye misheni ya Kikatoliki nje kidogo ya Lilongwe. Kwa kawaida mahindi huwa sehemu 4 na soya sehemu 1. Huo ni mchanganyiko kwa maana ileile ya darasani: kila kimoja hubaki na tabia zake, ingawa kwa macho havitenganishiki tena.

Soya hukaangwa kabla ya kusagwa. Ikiwa mbichi ina kemikali zinazozuia protini isimeng'enywe vizuri, na joto huziharibu. Badiliko hilo halirudi nyuma, hata soya ikipoa. Maji ni kinyume chake: yakichemka huwa mvuke, na mvuke ukigusa mfuniko wa baridi hudondoka tena kama maji yaleyale.

Mwanafunzi wa shule ya msingi, awe Likuni au kambi ya wakimbizi ya Dzaleka wilayani Dowa, ambako Kiswahili husikika kila siku, anaweza kufanya jaribio la kweli kwa unga huu, mtu mzima akiwa karibu. Sufuria mbili hutiwa unga na maji kwa vipimo sawa. Katika moja, unga hukorogwa kwanza kwa maji kidogo ya baridi; katika nyingine humwagwa mkavu kwenye maji yanayochemka. Hii ya pili hutoa mabonge, na bonge likipasuliwa kwa kijiko, katikati mna unga mkavu. Wanga wa mahindi huvimba joto likipita nyuzi 60 na kitu, hivyo tabaka la nje hugeuka gundi kabla maji hayajapenya ndani. Vipimo vikitofautiana, haitajulikana kilicholeta mabonge ni kipi, na jaribio limeharibika.

Lilongwe iko yapata mita 1,050 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 96 au 97, si 100 kama Dar es Salaam. Yakishachemka hayazidi kupata moto, hata jiko lichochewe vipi. Nishati ya ziada huishia kwenye mvuke. Kugeuza lita 1 ya maji yanayochemka kuwa mvuke hula nishati karibu mara 7 ya ile iliyoyachemsha, na kwa bei ya mkaa huo ni ubadhirifu mtupu.

Unga wenyewe nao ni akiba ya nishati ya jua iliyonaswa na majani ya mimea. Gramu 100 zina takriban kilokalori 400, kiasi cha kutosha kuchemsha lita 5 za maji. Mwili huitoa nishati hiyo kidogo kidogo, bila moto. Wanga na protini hutoa kilokalori 4 kwa gramu, mafuta 9. Ndiyo maana soya, yenye mafuta mengi kuliko mahindi, huupa uji nguvu zaidi bila kulijaza bakuli.