Fahamu: Tofali lisilochomwa kwa nyumba za wavuvi wa Geita
Tanuri la matofali ya kuchoma hula magogo usiku na mchana, na katika vijiji vya wavuvi vya Geita, kando ya Ziwa Victoria, kuni hizohizo hubanikia samaki. Shinyanga jirani ilishaonja uchungu wa kukata miti hovyo, hadi mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986 na kufufua ngitili za Wasukuma, yaani malisho yaliyotengwa ili uoto urudi. Kwa hiyo tofali la kufungamana, yaani udongo na saruji kidogo vilivyoshindiliwa kwa mashine ya mkono, linafaa zaidi. Watasema saruji ni ghali. Kweli, lakini tofali hili hushikana kwa meno yake, hivyo ukuta hauhitaji saruji nyingi ya kuunganishia, na kuni hazihitajiki kabisa. Kikwazo halisi ni mashine. Mikopo ya halmashauri inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inaweza kuwasaidia vijana na wanawake wa mwaloni, yaani kituo cha kupokelea samaki, kuinunua.