Mbio zinapotuacha hoi: Uchovu una maneno yake, tuusikilize

Wapo wengi miongoni mwetu ambao safari yao ya mazoezi ilidumu kwa asubuhi moja tu. Ndugu yetu mmoja wa Tanga, mwenye umri wa miaka 46, alitoka hospitali akiwa ameambiwa kuwa presha yake imeanza kupanda na kwamba hana budi kuushughulisha mwili. Akanunua raba. Kesho yake, baada ya swala ya Alfajiri, alitoka mbio kuelekea Raskazone pamoja na vijana wa mtaani, huku ameazimia moyoni kuwa hataachwa nyuma. Hakuachwa. Lakini aliporudi nyumbani alijilaza sebuleni na raba zake miguuni, chai ikapoa mezani, kazini hakwenda, na kwa siku tatu alikuwa akishuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Mkewe alidhani ameugua. Wiki ya pili raba zile zilikuwa miguuni mwa kijana wao wa sekondari, na presha ilibaki pale pale.

Hasara ya ndugu yetu huyu haikuwa maumivu ya siku tatu. Hasara yake ni kwamba aliiacha tiba aliyoihitaji, akiamini kuwa mwili wake hauiwezi. Ndiyo maana tumeona vema wiki hii tuuzungumzie uchovu unaozidi kiasi baada ya kukimbia: unatoka wapi, unapunguzwaje, na ni wakati gani uchovu huo si wa mbio tena bali ni dalili ya maradhi.

Uchovu upi ni wa kawaida?

Mtu aliyekimbia ni haki yake kuchoka. Moyo umekwenda mbio, mapafu yamefanya kazi, misuli imetumia akiba yake ya nguvu. Uchovu wa namna hiyo hupungua baada ya kupumzika, kunywa maji na kula, na aghalabu mtu hujisikia mwepesi kuliko alivyokuwa kabla ya kutoka. Maumivu ya misuli nayo ni ya kawaida kwa anayeanza. Huja siku ya pili au ya tatu, kisha huondoka yenyewe.

Uchovu wa kutilia shaka ni ule unaomlaza mtu siku nzima, unaomfanya ashindwe kazi zake na kukosa subira kwa watoto, au unaorudi kila anapokimbia hata kama umbali ni mfupi. Huo si wa kuvumiliwa kwa kukaza meno. Ni ujumbe, na mara nyingi ujumbe wenyewe ni mfupi: umekwenda kasi kuliko uwezo wako wa leo.

Kasi ndiyo mtuhumiwa wa kwanza

Tunapokwenda kwa mwendo wa wastani, damu huifikishia misuli oksijeni ya kutosha, na mwili huchoma mafuta na sukari kwa utaratibu. Tukiongeza kasi kupita kiasi, oksijeni haitoshelezi mahitaji. Mwili hulazimika kutengeneza nguvu kwa njia ya dharura inayomaliza akiba haraka: pumzi hukatika, miguu huwa mizito, na mtu hurudi nyumbani akiwa hoi. Wahenga wetu walikwishasema kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Hata mabingwa hawakusalimika na kanuni hii. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 1990, Juma Ikangaa wa Tanzania, aliyekuwa ameshinda marathoni ya New York mwaka uliotangulia, aliongoza kwa kasi kubwa tangu mwanzo. Katika nusu ya pili, Gelindo Bordin wa Italia, aliyekuwa nyuma yake, alimfikia, akampita na kushinda. Ikangaa alimaliza wa pili. Ikiwa kasi ya mwanzo ilimdai mtu aliyekuwa miongoni mwa wakimbiaji bora duniani, je, haitamdai baba wa makamo ambaye kwa miaka 20 ameketi nyuma ya meza ya ofisi?

Kipimo cha kasi inayofaa hakihitaji saa wala mashine. Kipimo ni ulimi. Ukiwa unakimbia na unaweza kuzungumza na mwenzako kwa sentensi kamili, kasi yako ni salama. Ukiwa unaweza kutamka neno moja moja tu, punguza. Ukishindwa kusema kabisa, tembea. Wala hakuna aibu katika kutembea, kwa maana Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima wafanye dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo ndani ya hesabu hiyo.

Kwa anayeanza, tunashauri utaratibu huu. Atembee dakika tano za mwanzo ili mwili upate joto. Kisha akimbie polepole kwa dakika moja, atembee dakika mbili, na arudie hivyo kwa muda wa dakika 20. Afanye siku tatu kwa wiki, na baina ya siku na siku apumzike. Akiona wiki imepita bila ya kuchoka kupita kiasi, aongeze kidogo: dakika mbili za kukimbia kwa mbili za kutembea. Nguvu za mwili hujengeka katika mapumziko, si katika mbio zenyewe. Anayekimbia kila siku bila ya kupumzika hubomoa asichokipa nafasi ya kujengwa.

Maji, chakula na usingizi

Sisi tunaoishi pwani tuna mtihani mwingine, nao ni hewa. Jasho huupoza mwili pale linapokauka juu ya ngozi. Hewa ikijaa unyevunyevu, kama ilivyo katika miezi ya kaskazi, jasho hutiririka tu bila ya kukauka, joto hubaki mwilini, na moyo huongeza kazi. Mtu anayekimbia saa nne asubuhi katika hali hiyo atachoka zaidi ya yule aliyetoka mara baada ya Alfajiri. Basi na tuchague alfajiri au magharibi, na siku za joto kali tupunguze umbali.

Maji tunywe mapema, tusingoje kiu ikaushe koo. Rangi ya mkojo hutoa habari nzuri: ukiwa wa njano hafifu, maji yanatosha, ukiwa wa njano iliyokolea, yamepungua. Hata hivyo, kunywa maji mengi mno kwa mkupuo nako kuna madhara, kwa kuwa hupunguza kiwango cha chumvi katika damu. Vikombe vichache kwa vituo ni bora kuliko jagi zima kwa pumzi moja.

Chakula nacho kina sehemu yake. Mtu anayekimbia asubuhi ilhali usiku hakula, au alikula kidogo, huenda mbio kwa akiba iliyopungua. Tende mbili au tatu, au ndizi moja mbivu, nusu saa kabla ya kutoka humtosha mtu wa mbio fupi. Aliye na kisukari, hasa anayetumia dawa za kushusha sukari, amuulize kwanza daktari wake ale nini na akimbie saa ngapi, kwani sukari yaweza kushuka ghafla njiani.

Baada ya mbio tusisimame ghafla wala kujitupa chini. Misuli ya miguu inapofanya kazi husaidia kurudisha damu kwenye moyo. Ikisita ghafla, damu hubaki miguuni na kizunguzungu hufuata. Tutembee dakika tano hadi kumi, ndipo tukae. Katika saa inayofuata tule chakula chenye wanga na chenye kujenga mwili: uji na yai, viazi vitamu na maziwa, au wali na maharage.

Jambo la tatu, ambalo wengi hulipuuza, ni usingizi. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Aliyekesha akitazama simu mpaka saa saba za usiku, kisha akaamka Alfajiri na kutoka mbio, hawezi kuzilaumu mbio kwa uchovu wake. Palipo na nafasi, usingizi mfupi wa kailula husaidia kulipa sehemu ya deni.

Tunapokuwa katika saumu

Mwezi wa Ramadhani, na hata kwa wanaofunga Jumatatu na Alhamisi, swali hili huulizwa sana. Mwenye saumu hana maji ya kufidia jasho lake, kwa hiyo mbio ndefu za mchana si jambo la busara. Wanaotaka kudumisha mazoezi na watembee au wakimbie polepole katika nusu saa ya mwisho kabla ya kufuturu, ili maji na chakula viwe karibu. Wengine huona wepesi zaidi kufanya hivyo usiku, chakula kikiwa kimeshatulia. Lengo la mwezi huo kimazoezi liwe kutopoteza tulichokwisha kukijenga, si kuongeza.

Uchovu unapokuwa maradhi

Tunamjua mama mmoja wa watoto wanne aliyejiunga na kinamama wenzake katika mazoezi ya asubuhi. Walikwenda taratibu, yeye peke yake akawa anabaki nyuma, akihema na moyo ukimdunda. Wenzake walimtania kuwa ni mvivu. Nyumbani pia aliambiwa hivyo hivyo, kwa kuwa hata kupanda ngazi na ndoo ya maji kulikuwa kumemshinda. Yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini. Alipokwenda kupimwa, wingi wa damu ulikuwa 8, ilhali mwanamke asiye mjamzito hutarajiwa awe na 12 au zaidi. Miezi kadhaa alikuwa akiendesha nyumba nzima kwa damu pungufu, na malipo yake yakawa kuitwa mvivu.

Upungufu wa damu, hasa unaotokana na uhaba wa madini ya chuma, huwapata zaidi wanawake kwa sababu ya hedhi, ujauzito na uzazi, na mabinti zetu walio katika umri wa kukua hawamo nje ya hatari hiyo. Nyama, dagaa, maini, maharage na mboga za majani husaidia. Chungwa au embe pamoja na mlo husaidia mwili kufyonza chuma, na chai inayonywewa pamoja na mlo huzuia. Hivyo chai na ingoje saa moja au mbili. Lakini aliyepungukiwa sana anahitaji tiba ya hospitali, na chanzo cha upungufu kitafutwe.

Damu si sababu pekee. Malaria ambayo mtu ndiyo kwanza ameinuka nayo, kisukari kisichojulikana, pumu, matatizo ya moyo na ya tezi la shingo, hata huzuni ya muda mrefu, yote huweza kujificha nyuma ya neno "nimechoka". Kwa hiyo, ikiwa umepunguza kasi, umekula, umekunywa, umelala, na bado wiki mbili zimepita uchovu uko vile vile, nenda kapimwe.

Na zipo dalili ambazo hazingoji wiki mbili. Maumivu au kubanwa kifua, kuzimia, mapigo ya moyo yanayokwenda ovyo, kuchanganyikiwa akili katika joto, au mkojo wenye rangi nyeusi kama kahawa baada ya mazoezi mazito: kwa lolote katika hayo, acha mbio na ufikishwe hospitali haraka. Mwenye presha, mwenye historia ya ugonjwa wa moyo, mjamzito na aliyejifungua karibuni, wote hawa waanze kwa ushauri wa daktari au mkunga.

Nyumba isaidie

Tunamalizia kwa jambo linalotuhusu sote. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini, na Bi Aisha akamshinda. Baada ya muda, Bi Aisha alipokuwa ameongezeka mwili, walishindana tena na Mtume (s.a.w.) akashinda, naye kwa bashasha akasema kuwa ushindi huo ni malipo ya ule wa kwanza. Mwili ulikuwa umebadilika, na haukulaumiwa. Tuwatazame hivyo walio majumbani mwetu. Mume akimwona mkewe anachoka upesi, amshike mkono wampeleke kipimo kabla ya kumpa jina. Mke akimwona mumewe anatoka mbio kama kijana wa miaka 18, amkumbushe kwa upole kuwa watoto wake wanamhitaji kwa miaka mingi ijayo.

Ndugu yetu wa Tanga amenunua raba nyingine. Safari hii hakuwafuata vijana. Hutoka na mkewe baada ya Alfajiri, wakatembea kuelekea baharini, wakakimbia kidogo, wakatembea tena, huku wakizungumza njia nzima. Wakirudi, chai hunywewa ingali ya moto, kisha kila mmoja huenda kwenye shughuli zake. Tunamuomba Allah aijaalie miili yetu afya, na atupe busara ya kuutunza amana hii kabla haijatudai.