Vidole Vitatu vya Tabibu

Tabibu wa Ayurveda, ilimu kongwe ya Bara Hindi ambayo jina lake kwa Kisanskriti ni maarifa ya uhai, humshika mgonjwa mkono penye mshipa kwa vidole vitatu: kwa cha shahada husikiliza vata, upepo uendeshao kila kitu mwilini, kwa cha kati, pitta, moto usagao chakula, na kwa cha pete, kapha, maji na udongo viushikamanishavyo mwili. Kila mja, wasema matabibu hao, huzaliwa na mizani yake, na maradhi huingia inapoelemea upande mmoja, ndiyo maana tabibu huuliza kwanza habari za chakula, usingizi na majira. Jambo hilo nalistahi mno, ijapokuwa katika baadhi ya dawa zao zimeonekana risasi na zebaki, ambazo ni sumu.