Ngoma za Bujora na Chakula cha Usukumani

Mji wa Oaxaca, kusini mwa Mexico, ambao majengo yake ya kale yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1987, huvutia wageni kwa vyakula vyake vya mahindi na kwa sherehe za ngoma za kila Julai. Mkazi wa Sapiwi, wilayani Bariadi, mkoani Simiyu, ana safari ya namna hiyo karibu naye, kwani barabara ya Mwanza kupitia Lamadi na Magu humfikisha kwanza Kisesa, yalipo Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora.

Makumbusho hayo, yaliyofunguliwa mwaka 1968, yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za watemi, yaani watawala wa jadi, pamoja na viti vya enzi na zana za waganga na wahunzi. Hata hivyo, uhai wa Bujora huonekana zaidi wakati wa Bulabo, tamasha linalofuata sikukuu ya Ekaristi, aghalabu mwezi Juni, ambapo hushindana Bagika na Bagalu, vyama vya wachezaji vilivyoanza karne ya 19 na vinavyohusishwa na waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ndiyo maana wachezaji hutafuta dawa ya mvuto iitwayo samba, wengine huingia uwanjani na chatu, na wenye bugobogobo, ngoma iliyotokana na kilimo cha pamoja, huyarusha majembe juu na kuyadaka bila kupoteza mapigo. Ni kanuni ya haki kabisa, kwa sababu hukumu hutolewa na miguu ya watazamaji wenyewe.

Kwa upande wa chakula, jiji la Mwanza lina soko la Mwaloni, Kirumba, penye dagaa, sato na sangara wa Ziwa Victoria. Lakini chakula kinachostahili heshima kubwa zaidi ya kile kinachopewa sasa ni viazi vitamu vilivyokaushwa: michembe, ambayo hukatwa ikiwa mibichi na kuanikwa, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakatwe na kukaushwa. Viazi hivi, sawa na mahindi yaliyoanza kulimwa Mexico maelfu ya miaka iliyopita, asili yake ni Amerika, nao Wasukuma, waliotegemea zaidi mtama na uwele, wakavifanya akiba ya kuwavusha kiangazi. UNESCO iliutambua upishi wa jadi wa Mexico mwaka 2010 kuwa urithi wa binadamu, na ujuzi wa wanawake wanaokausha viazi huko Simiyu unastahili kuhifadhiwa kwa uangalifu uleule unaopewa ngoma za watemi.

Wakati mzuri wa safari hii ni Juni, kwani mvua huwa zimekatika, Bulabo huchezwa, na michembe ya mavuno mapya huwa juani.