Kondo la nyuma si kitoweo wala dawa

KUNA jambo ambalo bibi zetu wangalilisikia wangalijifunika leso usoni. Siku hizi, hasa huko Marekani na Uingereza, wapo akina mama ambao mara tu wakisha kujifungua hudai wakabidhiwe kondo la nyuma, au zalio kama wengine waliitavyo, si kwa nia ya kulizika bali ya kulila. Wachache hulikaanga kama maini. Wengine hulisaga bichi pamoja na matunda wakalinywa. Walio wengi humlipa mtu mamia ya dola ili alipike kwa mvuke, alikaushe, alitwange liwe unga, kisha autie unga huo katika kapsuli ambazo mzazi huzimeza kwa majuma kadhaa.

Sisemi haya kwa kuwacheka. Mwigizaji January Jones alilisimulia jambo hili hadharani mwaka wa 2012, na Kim Kardashian akafuata mwaka wa 2015. Nayo mitindo ya watu mashuhuri haichelewi kuvuka bahari. Mpwa wangu, mja mzito wa miezi saba, aliniuliza hivi karibuni: "Mjomba, wanasema hii ni mila ya kale ya wanadamu, ati huongeza damu na maziwa na kuzuia huzuni ya uzazi. Ni kweli?" Swali lake lilinipeleka vitabuni, nami naona afadhali jibu lake lisomwe na wengi.

Nianze na hilo la mila, maana ndilo kivutio kikuu cha wauzaji. Mwacha mila ni mtumwa, twasema, na mama aliyechoka na mashine za hospitali huvutwa upesi na neno "asili". Lakini ni mila ya nani? Mwaka wa 2010 wataalamu wa elimu ya jamii na utamaduni, Sharon Young na Daniel Benyshek wa Chuo Kikuu cha Nevada mjini Las Vegas, walipekua maandishi kuhusu jamii 179 za wanadamu. Hawakupata hata moja ambamo ilikuwa desturi ya mama kula kondo lake mwenyewe. Walichokipata kwa wingi ni desturi za kulizika na kulihifadhi kwa heshima.

Na hapa hatuna haja ya kwenda mbali. John Mbiti, katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha 1969, aeleza kwamba Wagikuyu waliliweka kondo katika shamba lisilolimwa, wakalifunika kwa nafaka na nyasi, ishara ya rutuba. Waganda walilihesabu kuwa pacha wa mtoto, wakalizika shinani mwa mgomba: wa pombe kwa mvulana, wa matoke kwa msichana. Mjaluo akikuonyesha mahali biero yake ilipozikwa, amekuonyesha kwao. Huko New Zealand, lugha ya Wamaori ina neno moja tu, whenua, kwa kondo na kwa ardhi. Waama, kama kuna mila ya kale hapa, ni ya kulirudisha kondo udongoni. Mwenye kulimeza kwa jina la mababu awe na hakika kwanza mababu hao ni wa nani.

Wauzaji hutaja pia Wachina. Ni kweli kwamba kondo lililokaushwa limeandikwa katika vitabu vyao vya tiba kwa karne nyingi, ukiwamo ule mkusanyo mashuhuri wa Li Shizhen wa karne ya 16. Ila dawa hiyo ilitolewa kwa wagonjwa wa maradhi mbalimbali. Haikuwa chakula cha mzazi kutoka tumboni mwake mwenyewe. Isitoshe, toleo la mwaka wa 2015 la orodha rasmi ya dawa za China liliiacha nje.

Kuhusu wanyama sina mengi. Mbuzi hula kondo lake, na paka vilevile. Ngamia hali, wala nyangumi. Mbuzi pia humlamba mtoto wake hadi akauke, na sijamsikia mkunga wa mjini akilipendekeza hilo.

Tuje kwenye manufaa yenyewe. Wataalamu wale wa Nevada hawakuishia vitabuni. Waliwapa baadhi ya wazazi kapsuli za kondo, na wengine kapsuli za nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, bila mzazi kujua ameza ipi. Katika jaribio la wanawake 23, lililochapishwa mwaka wa 2016, hapakuonekana tofauti ya maana katika madini ya chuma mwilini. Katika jingine la wanawake 27, homoni zilibadilika kidogo, lakini si kiasi cha kuleta nafuu iliyo wazi katika huzuni au uchovu. Idadi hizo ni ndogo, nakiri. Hata hivyo hesabu ya chuma haihitaji jaribio kubwa: kiwango cha juu cha kapsuli kwa siku kina takriban miligramu 2 tu za chuma, ilhali kidonge cha kawaida cha kuongeza damu, kile ambacho zahanati zetu humpa mja mzito, kina miligramu 30 hadi 60.

Madhara nayo yapo. Mwaka wa 2016, katika jimbo la Oregon, mtoto mchanga aliugua kwa bakteria aina ya streptokoka waliomwingia damuni. Alitibiwa akapona, akarudishwa nyumbani, na baada ya siku chache akalazwa tena kwa ugonjwa uleule. Ndipo ilipobainika kwamba mama yake alikuwa akimeza kapsuli za kondo, mbili mbili mara tatu kwa siku, na kapsuli hizo zilipopimwa zilikuwa na bakteria hao hao. Madaktari hawakukanusha kwamba huenda mtoto aliambukizwa na mtu mwingine wa nyumbani. Lakini taarifa yao ya Juni 2017 ilishauri kapsuli hizo ziepukwe. Mtoto, kwa bahati njema, alipona.

Linalonikera zaidi si kapsuli zenyewe, bali pengo ambalo kapsuli hizo hujipenyeza. Mama hatumii mamia ya dola kwa upumbavu. Anaogopa. Amesikia habari za wenzake waliokaa gizani kwa miezi, wakilia bila kujua wanalilia nini, na amegundua kwamba hakuna mwingine aliyejitolea kumkinga. Hapa kwetu mzazi akienda kliniki, mtoto hupimwa uzani na kuchanjwa, na kila kitu kikaandikwa kitabuni. Mama mwenyewe aghalabu huondoka alivyokuja, akiwa na damu pungufu na moyo mzito, kisha nyumbani akaambiwa ajikaze, kwani yeye ndiye wa kwanza kuzaa?

Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba, palipo na tatizo la upungufu wa damu, mzazi aendelee kumeza vidonge vya chuma kwa majuma 6 hadi 12 baada ya kujifungua. Na kwa ile huzuni, yapo maswali kumi yaliyotungwa na wataalamu wa Edinburgh mwaka wa 1987, ambayo mama huyajibu kwa takriban dakika tano: kama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu pasipo sababu, kama usingizi umempotea kwa huzuni, kama amewahi kuwaza kujidhuru. Yanahitaji karatasi moja, kalamu, na muuguzi mwenye nafasi ya kuketi akasikiliza majibu.